LUKU "inakimbia" inakimbia nini? Mafundi vishoka na wenye nyumba ndio wanaotumalizia uniti

Wakuu, salamu baadaye. Kila wiki kuna mtu analia hapa: "nimenunua umeme wa elfu kumi, siku nne umekata". Majibu ni yaleyale mawili, "tunaibiwa" au "punguza matumizi". Upunguze matumizi ya nini wakati hujui kinachokula ni nini? Ukipiga simu huduma kwa wateja ya TANESCO unaambiwa mita iko sawa, hata kabla mtu hajaiona. Fundi naye anakuja na tesita moja mfukoni, anagusa soketi mbili, anachukua hela yake na kuondoka. Hakuna anayepima!

Tuanze na risiti, maana wengine mnatukana mita bure. Kwa bei za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) za tarehe 1 Aprili 2016, mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, anauziwa uniti kwa shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA 1, inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na si zaidi. Aliye D1, yaani wa nyumbani mwenye matumizi madogo, anapata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100, na makato yote 75 hizo ni 9,150. Kuanzia ya 76 bei inaruka hadi 350, yaani 427 ukishaweka makato. Sasa mtu wa D1 kapokea mshahara, ananunua wa elfu thelathini kwa mkupuo "asisumbuke". Anapata uniti 124 hivi. Angezigawa miezi miwili, uniti hizohizo zingemgharimu kama 15,100. Hapo mita imekosa nini?

Halafu kuna kodi ya majengo: tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mita ikikaa miezi mitatu bila kununuliwa, manunuzi ya kwanza yanakatwa deni lote. Na hii kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji! Tunza risiti, umdai kwenye pango. Wenye nyumba wanajua, wananyamaza.

Risiti ikiwa safi, nenda kwenye mita yenyewe. Kuna kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake kumeandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Hiyo namba ndiyo idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Chukua saa ya simu, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Gawa 3,600 kwa sekunde hizo, kisha gawa kwa namba ya mita: jibu ni kilowati zinazotumika dakika hiyo. Mita ya 1000 inayopepesa kila sekunde 12 inahesabu wati 300. Kama ni saa nane za usiku, taa zimezimwa na watu wamelala, hizo wati 300 kwa saa 24 ni uniti 7.2. Kwa T1 ni zaidi ya shilingi 2,500 kwa siku, na wewe hujapiga hata pasi.

Kisha chomoa kila kitu ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, chomoa. Kama taa bado inapepesa, shusha breka moja moja, ukisubiri dakika mbili kila mara. Ile ambayo ukiishusha mpepeso unakoma ndiyo yenye mwizi: hita iliyoungwa moja kwa moja, taa za nje, pampu, au waya uliochubuka ndani ya ukuta wenye unyevu.

Hapa sasa ndipo hasira yangu ilipo. Breka zote zimeshushwa, meni switchi bado iko juu, na mita inaendelea kupepesa. Fundi kishoka atakwambia "mita mbovu, kabadilishe". Muongo! Breka inakata fezi tu (waya unaoleta umeme), nyutro (waya unaourudisha) inabaki imeungwa. Mita nyingi za sasa zinapima waya zote mbili na kuhesabu ile yenye mkondo mkubwa, ili kuzuia wizi. Sasa yule aliyewaungia umeme watu wa banda la uani akaishiwa waya, alifanya nini? Aliazima nyutro ya nyumba kubwa. Umeme wa banda unaingia kwa mita yao, unarudi kupitia nyutro yako, na mita yako inauhesabu kana kwamba umeutumia wewe. Jirani anachemsha maharage, uniti zinakutoka wewe. Nyutro iliyogusana na waya wa ethi (unaokwenda ardhini) ndani ya nyumba nayo inaweza kuleta balaa hilohilo.

Dawa ni fundi mwenye leseni na klampu mita (kipimo kinachobana waya bila kuukata) inayosoma miliampea. Anaifunga kwenye fezi na nyutro kwa pamoja, karibu na meni switchi. Nyumba isiyo na hitilafu inasoma miliampea chache tu. Ikisoma nusu ampea inayovuja kwenda ardhini, hiyo ni wati 115, uniti 83 kwa mwezi, yaani fungu zima la D1 limeishia kwenye udongo. RCCB ya miliampea 30 (swichi inayokata umeme ukivuja) ilitakiwa ikate zamani. Lakini fungua boksi uone: imerukwa kwa kipande cha waya kwa sababu "ilikuwa inakatakata". Ilikuwa inakata kwa kuwa inavuja, ewe fundi! Umezima king'ora ukamwacha mwizi ndani, na siku mtoto akishika bomba lenye umeme hakuna cha kumwokoa.

Friji nalo. La kawaida zima linakula uniti moja au zaidi kidogo kwa siku kwa sababu kompresa inapumzika. Kompresa ya wati 120 isiyopumzika inakula 2.9 kwa siku, 86 kwa mwezi. Likae saa moja bila kufunguliwa, sikiliza. Lisiponyamaza hata mara moja, bana noti ya elfu moja kwenye mpira wa mlango, funga, vuta, rudia pande zote nne. Noti ikichomoka kirahisi, mpira umekwisha. Mpira ukiwa mzima basi huenda gesi imepungua au thamostati imeganda. Friji za mtumba zinauzwa zikiwa zimewashwa dakika kumi, zinapoa vizuri, mnashangilia.

Anayebisha kwamba tatizo lake ni mita yenyewe, si nyaya, apime mita kwa birika la umeme la wati 2,000, kila kitu kingine kimechomolewa. Mita ya 1000 inatakiwa ipepese mara 20 kwa sekunde 36 hivi. Ikipepesa mara 30, waandikie TANESCO barua, ambatisha video yenye saa, udai mita ya kulinganisha. Wakikaa kimya, peleka EWURA.

Jibu la 2
Mkuu umeongea, ila ongeza hili: kabla hawajahesabu kwa birika wapime volteji. Mtaani kwenye volti 200 birika la 2,000 linavuta kama 1,500, kwa hiyo mipepeso 15 ni sahihi, na 20 ndiyo ya kutilia shaka. Na umesahau pampu ya kisima. Valvu ya chini ikivuja, maji yanarudi kisimani na pampu inazunguka kavu. Boya la tangi likikwama, inapampu hadi maji yanamwagika usiku kucha. Pampu ya hosipawa moja ni karibu uniti moja kila saa.

Jibu la 3
Na wale wa "tangu tuingize zile tokeni tatu mita inakimbia": maboresho ya 2024 yalitokana na mfumo wa tokeni kufikia ukomo wa tarehe, 24 Novemba. Tokeni mbili za kwanza zinabadilisha ufunguo wa mita, ya tatu ni uniti zako. Hazigusi kipimo. Mimi ningeangalia shawa ya umeme kwanza. Kilowati 5, watu watano, dakika kumi kila mmoja: uniti 4 na ushee kabla ya chai.

Jibu la 4
Meni switchi ukiishusha kabisa na taa bado inapepesa, usifungue chochote. Huenda kuna waya umeungwa kati ya mita na meni switchi. Fuata bomba la ukutani kwa macho, mara nyingi linaelekea kwa mwenye nyumba.