Ukumbi wa Kondele: Kombe la Dunia, AFCON, Olimpiki au raga?

Mwenye Ukumbi, Kisumu

Hamjambo nyote. Nina ukumbi wa kuonyeshea mechi hapa Kondele, wenye viti themanini, skrini moja na jenereta inayonguruma kama lori la mchanga likipanda mlima. Ligi ya Uingereza ndiyo inayonilisha, na juu ya hiyo sihitaji ushauri. Ninayotaka kulinganisha ni mashindano ya kimataifa, yaani Kombe la Dunia la kandanda, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), Olimpiki na Kombe la Dunia la raga, kwa kuwa kila yanapokaribia hunilazimu kuamua kama nitalipia kifurushi cha gharama ya juu, nichapishe mabango na niongeze kijana wa pili mlangoni, au niendelee na shughuli zangu kama kawaida.

Zamani nilidhani kwamba shindano likiwa kubwa duniani litakuwa kubwa hata Kondele. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024 ilinivurugia hesabu. Saa kumi na moja jioni Manchester City na Manchester United walicheza Ngao ya Jamii, na watu walikaa hadi juu ya kreti za soda. Penalti zilipokwisha nilitangaza kwamba saa mbili usiku kungekuwa na fainali ya Olimpiki ya mita 800 kutoka Paris, na kwamba aliyekwisha kulipa hatalipa tena. Walibaki watu kama ishirini. Lakini Mkenya mwenzetu Emmanuel Wanyonyi alipochukua uongozi, kelele za hao ishirini ziliwavuta wapita njia, wachuuzi wa samaki, makondakta na wa bodaboda, wakasukumana mlangoni wengi kuliko wale waliokuja kuona Manchester. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 41.19, tukakumbatiana na watu tusiowajua, na kabla sijaupata ufunguo wa friji kila mtu alikuwa ameondoka. Faith Kipyegon alipotwaa dhahabu ya mita 1500 baadaye usiku huo, mambo yalikuwa yaleyale. Kisha nikaacha skrini iendelee na fainali ya mpira wa kikapu kati ya Marekani na Ufaransa, ambayo wenyewe waliingoja kwa hamu kubwa. Hapa niliitazama mimi na mlinzi, na mlinzi alikuwa amesinzia.

Je, ni nini hasa kinachoifanya nchi moja ishikwe na wazimu wa shindano fulani na nyingine isijali kabisa? Na kwa viti themanini, ninyi mngechagua lipi?

Mwalimu wa Jiografia, Kakamega

Ndugu Mwenye Ukumbi, usichanganye wingi wa watu na ukubwa wa mapenzi. Marekani iliandaa Kombe la Dunia la kandanda mwaka 1994, na watu wapatao milioni 3.6 wakaingia viwanjani, idadi ambayo hakuna mashindano ya awali yaliyokuwa yameifikia. Hata hivyo hayo hayakuifanya kandanda iufikie mpira wa Kimarekani katika mioyo ya wenyeji. Walikuwa na viwanja vikubwa na uwezo wa kununua tiketi, basi. Takwimu za utafutaji wa intaneti nazo zina mtego wake, kwa sababu zile zinazoonyeshwa na Google hupimwa kwa mizani ya 0 hadi 100 kulingana na yote yanayotafutwa ndani ya nchi husika, kwa hiyo kisiwa kidogo kinaweza kuonekana juu ya India ilhali watafutaji wa India ni mamilioni kwa mamilioni.

Ukiniuliza mimi, ushindi huwasha moto pale tu unapokuta kuni zimekwisha kupangwa. Itazame Fiji, nchi isiyofikisha watu milioni moja. Raga ya wachezaji saba huchezwa huko vijijini na katika viwanja vya shule, na walipoishinda Uingereza 43 kwa 7 kwenye fainali ya Rio mwaka 2016, wakapata medali yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki, serikali ilitoa siku ya mapumziko na baadaye ikachapisha noti ya dola saba. Noti ya saba, jamani! India nayo ilikuwa nchi ya mpira wa magongo, ambao umeipa dhahabu nane za Olimpiki, lakini ushindi wa Kombe la Dunia la kriketi mwaka 1983 uliwakuta watoto tayari wanapiga kriketi vichochoroni, na tangu hapo hakuna mchezo mwingine uliowakaribia.

Sasa linganisha na sisi. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, ikiwa imeifunga Sri Lanka jijini Nairobi. Ni kweli kwamba New Zealand walikataa kuja kucheza hapa na tukapewa alama, lakini nusu fainali ni nusu fainali. Miaka kumi na mmoja baadaye tulikuwa tumepoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Nilikuwa nikifundisha wakati huo, na nakumbuka wavulana wangu walichonga magongo ya mbao kwa muda wa wiki tatu hivi; kisha mwezi wa Aprili ukafika, mvua zikaanza, na magongo yakaishia jikoni. Mchezo ulikuwa wa klabu chache za mijini. Moto uliwaka, kuni hazikuwapo.

Mkulima wa Njoro

Mwalimu, maelezo yako ni mazuri lakini yanakwama kwenye riadha. Kama kuni ndizo zinazotakiwa, Kenya ingekuwa na kuni kuliko nchi yoyote: kila mtoto wa huku kwetu amekimbia mbio za shule. Mbona basi hatufanani na Jamaika, ambako mashindano ya riadha ya shule za sekondari, yanayofanyika tangu 1910, huujaza Uwanja wa Taifa wa Kingston, huku sisi majaribio ya kitaifa tukiyaendesha mbele ya viti vitupu?

Jibu langu ni saa ya shindano na urefu wa muda wake. Mwanariadha wetu hufanya kazi yake ng'ambo, katika muda ambao mkulima hajui ni saa ngapi hapa, na akishinda habari hutufikia ikiwa imekwisha kupoa. Inapotokea kwamba saa inajulikana na jambo lenyewe linachukua muda, Wakenya hujitokeza. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna kujaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili, kuanzia saa tatu na robo asubuhi kwa saa zetu, watu wa Eldoret walisimama barabarani mbele ya skrini kwa karibu saa mbili nzima. Wajapani wamelielewa jambo hilo kitambo: mbio zao za kupokezana za Hakone, kilomita zipatazo 217 kwa siku mbili za mwanzo wa Januari, huwaweka watu mbele ya televisheni kutwa, ingawa wanaokimbia ni wanafunzi wa vyuo vikuu tu. Marehemu Samuel Wanjiru alisomea Japani kabla ya kuja kushinda marathoni ya Beijing mwaka 2008.

Tena msisahau umeme. Faith Kipyegon ni wa upande wa Keringet, kaunti yetu hii ya Nakuru, na nyumbani kwa wazazi wake umeme ulifika mwezi uleule wa Olimpiki ya Paris. Nani angewahesabu majirani zake waliofuata mbio zake kwa redio?

Mwalimu wa Jiografia, Kakamega

Nakubali kuhusu saa. Ila Vienna hayakuwa mashindano, Mzee. Kipchoge alikuwa akishindana na saa ya mkononi.

Mkulima wa Njoro

Na bado ukumbi ungejaa.

Nambari Tisa, Nakuru

Naandika kama mchezaji wa zamani wa raga, kwa hiyo msinishuku. Kombe la Dunia la raga liache, isipokuwa fainali. Afrika Kusini imelitwaa mara nne, na baada ya ile fainali ya 2023 ya 12 kwa 11 dhidi ya New Zealand nchi ilipewa siku ya mapumziko, lakini Kenya ya wachezaji kumi na watano haijawahi kufuzu. Mashindano ya raga ya wachezaji saba yakifika, Prinsloo Sevens hapa Nakuru au Dala Sevens huko kwako Kisumu, watu hufurika, na nusu yao hawajui matokeo hata wakiulizwa jioni hiyohiyo. Wamekuja kwa muziki na nyama choma. Huwezi kuwauzia hilo kwenye skrini.

Mpakani, Busia

Mbona hamjaitaja CHAN? Ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, na Ulaya hakuna anayejali, lakini tarehe 10 Agosti 2025, Jumapili, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walipoifunga Morocco 1 kwa 0 pale Kasarani wakiwa wachezaji kumi, huku mpakani hata wabadilisha fedha waliacha kuhesabu noti. Waganda waliokuwa kwenye foleni walishangilia pamoja nasi, jambo ambalo si la kawaida. Madagascar walipotutoa kwa penalti katika robo fainali, kulikuwa kimya kama kwenye matanga.

Mwenye Ukumbi, Kisumu

Asanteni sana. Mpakani umenigusa, maana siku hiyo ya Morocco nilifungua ukumbi nikiwa nimechelewa, nikidhani ni shindano dogo, nikakuta watu wamenifungulia wenyewe.

Nimeamua hivi. AFCON ya 2027 itaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania, saa itakuwa yetu na timu itakuwa yetu, kwa hiyo fedha za mabango na za kijana wa pili zinaenda huko. Kombe la Dunia nitalionyesha kwa kutegemea saa: Qatar 2022 saa yao ilikuwa saa yetu, na siku Morocco walipocheza nusu fainali nilikosa mahali pa kuweka mguu, lakini mashindano ya Marekani, Kanada na Mexico mechi zake nyingi huangukia usiku wa manane na alfajiri, wakati ambao mtu wa Kondele ama amelala ama anaogopa kutembea. Raga ni fainali tu.

Kuhusu Olimpiki, Los Angeles ya 2028 iko saa kumi nyuma yetu, maana yake mbio za jioni za huko zitatufikia alfajiri na asubuhi. Sitauza soda. Nitaweka sufuria ya chai na mandazi mlangoni, na atakayeingia atanunua kabla bunduki haijalia, kwa sababu baada ya hapo nawajua.

Mkulima wa Njoro

Mandazi yasiwe ya jana.