Namsomea ami kitabu cha James Bond, anasema nimeuziwa kibovu. Nishaurini

BintiMkunazini
Assalaam aleikum. Ami yake mume wangu macho yake hayasomi tena, basi kila baada ya Isha namsomea. Ujanani hakukosa sinema pale Majestic, Vuga, na mtu wake ni James Bond, tena Bond wa Roger Moore. Nikaona nimfurahishe: nikamnunulia Moonraker kwenye vitabu vya mtumba Darajani. Ni cha Kiingereza, nakifasiri papo hapo huku nasoma.

Tabu ni kuwa ami anasubiri waende angani, kama kwenye filamu ya 1979. Mie nimeshavuka nusu na bado tuko Uingereza, pwani ya Kent, watu wanajenga kombora. Jana kaniambia, "Mwanangu, kurasa za angani zimechanwa hapa." Nikachungulia mwisho: haendi mtu angani! Mume wangu anasema nitie chumvi, nimrushe Bond huko juu, mzee atajuaje? Nafsi yangu inakataa. Nimwambie kweli, nitunge, au nimtafutie kitabu chengine? Na mnajua, Bond hakosi ulevi na wanawake, na yule kwangu ni mkwe. Nina haya.

Karafuu_Wete
Waaleikum salaam. Dada, usitunge. Kitabu ni cha 1955, Sputnik yenyewe, setilaiti ya kwanza, ilirushwa 1957. Ian Fleming alikuwa akiwaandikia watu walioona makombora ya Wajerumani yakianguka London miaka kumi tu nyuma. Ndiyo maana Drax, adui wa Bond humo, ni Mjerumani aliyejigeuza shujaa wa Waingereza, na kombora analodai ni la kuwalinda anataka kuwapiga nalo wenyewe. Wa filamu walichukua jina la kitabu na la adui, mengi yaliyobaki wakayatupa. Star Wars ya 1977 ilishawaonesha pesa ziko wapi. Filamu ya Bond iliyotangulia iliandika mwishoni kuwa inayofuata ni For Your Eyes Only, wakageuza njiani.

MtotoWaNgambo
Mie niko na mumeo. Watiaji chumvi wakubwa ni hao hao wa sinema. The Spy Who Loved Me, kitabu cha 1962, anasimulia msichana, na Bond anatokea hadithi imeshakwenda mbali. Fleming aliwaruhusu jina tu, hadithi hakutaka itumiwe. Wao wakaleta meli inayomeza nyambizi! Basi na wewe tia, mzee alale na furaha yake.

Kipanga
Swali moja tu. Zile sura za karata umezisoma au umeziruka?

BintiMkunazini
Nimeziruka 🙈 Bridge siijui, na ni kurasa chungu nzima za shupaza na uru. Nilimwambia tu "wakacheza karata, Bond akashinda".

Kipanga
Astaghfirullah! Umetupa nyama ukampa mzee mfupa.

Sikiliza. Bridge ni watu wanne, wawili kwa wawili, na turufu ipo. Ami akijua turufu yatosha. Drax kila zamu yake ya kugawa huweka mbele yake kijaluba cha sigara cha fedha, kimesuguliwa kinang'ara kama kioo. Karata zinapita juu yake, anaziona zote. Na nani amwambie tajiri anayewapa Waingereza kombora kwa mali yake kuwa ni mwizi wa karata? Mkuu wa Bond anamleta Bond klabuni. Bond anajitia kalewa, kumbe mfukoni ana karata alizozipanga mwenyewe. Usiku ule mwizi anatolewa pauni 15,000. Hakuna risasi hata moja, na hakuna sinema iliyonibana roho vile. Rudi nyuma, soma polepole.

La haya usihofu, hiki ndicho kipole chao. Mwishoni yule askari wa kike, Gala Brand, anakwenda kuolewa na mwengine, Bond anabaki kasimama. Nionesheni filamu ya Roger Moore itakayothubutu hivyo! Lakini Casino Royale usimsomee mkweo: Bond anateswa uchi kwenye kiti.

Karafuu_Wete
Na Live and Let Die iache dukani. Anavyowaandika watu weusi humo, utashindwa kufasiri kwa hasira. Baada ya hiki mtafutie On Her Majesty's Secret Service. Filamu yake ya 1969 imekifuata kitabu karibu hatua kwa hatua, ingawa ami atauliza huyo Lazenby aliyecheza Bond humo ni nani.

BintiMkunazini
Narudi na majibu. Nilimwambia kweli, akanuna, hata kahawa hakuigusa. Nikaanza karata kimya kimya. Nilipofika kwenye kijaluba akanishika mkono: "Ngoja. Kakiweka wapi?" Nikamwambia, mbele yake. Akataka nimletee sinia ndogo ya kahawa na karata za watoto. Akaiweka sinia mbele yake, akainama, akagawa juu yake pole pole, mikono minne, bila ya kuona hata moja. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Barazani kwetu," kasema, "palikuwa na bwana mmoja na saa yake ya mkono, kubwa, kila tukikaa kucheza anaifuta kwa leso. Miaka yote tukimsifu kwa usafi."