Gemu ipi itamwongezea mdogo wangu msamiati wa Kiingereza kabla ya Kidato cha Kwanza?

MdauNyegezi: Wakuu habarini. Mdogo wangu kamaliza la saba hapa Nyegezi, Mwanza, Januari anaingia Kidato cha Kwanza, na mnajua kule karibu masomo yote yanageuka Kiingereza ghafla. Tuisheni kaikimbia, simu haimtoki mkononi. Nimeamua nipitie humohumo kwenye gemu. Free Fire, Minecraft au Among Us?

Sangara_Mbichi: Free Fire weka kando. Haihitaji simu ya bei mbaya, sawa, lakini kikosi chake kitakuwa watoto wa Kirumba na Igoma watupu, wanapigiana kelele kwa Kiswahili. Kiingereza atakachopata ni cha silaha.

Mama Kulwa: Wanangu wako Minecraft. Ukiweka lugha ya Kiingereza, kila anachookota kina jina lake: coal, iron, shovel, furnace. Neno analiona huku analifanyia kazi, linakaa. Unainunua mara moja, na akicheza peke yake haili bando. Ila ni majina matupu, mwanangu. Mwambie atunge sentensi uone anavyokodoa macho.

TichaBuzuruga: Mama umegusa penyewe. Ndiyo maana mimi naipa kura Among Us. Mko ndani ya chombo cha angani, mtu kauawa, mkutano unaitishwa, kila mmoja aandike alikuwa wapi, na nani, anafanya nini. Huo ni wakati uliopita na maneno ya mahali, mambo yaleyale ninayohangaika nayo darasani. Ukizubaa kujitetea, unapigiwa kura, nje! Mimi sina kiboko cha namna hiyo. Ubaya wake, Kiingereza cha wachezaji kimekatwakatwa, "where u". Lakini mtoto akiweka umri wake wa kweli, kuandika atakavyo kunafungwa mpaka mzazi aruhusu. Anachagua sentensi zilizoandaliwa. Kwa anayeanza usifungue haraka. Sentensi zile zimenyooka, na watu wasiojulikana hawamfikii kwa matusi.

Sangara_Mbichi: Na baiolojia je, Ticha? "Photosynthesis" ataikuta chombo gani cha angani?

TichaBuzuruga: Hataikuta. Hiyo ni daftari, kabla simu haijawashwa.

MdauNyegezi: Nimewaelewa. Minecraft kwanza, azoee majina, kisha Among Us kwa chumba cha faragha. Tuna binamu Kampala, Kiswahili kinawapiga chenga, kwa hiyo hatakuwa na pa kukimbilia.

Mama Kulwa: Mkifungua hicho chumba nitumie msimbo wake wa kuingilia inboksi. Kulwa na Doto wanakuja, ila baada ya saa mbili usiku, wakishaosha vyombo.