Mjadala: "The Germans" ya Fawlty Towers ikatwe au ionyeshwe nzima?

Mleta mada:
Wakuu, Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, kampuni ya televisheni ya Uingereza, UKTV, ilikiondoa kwa muda kipindi kiitwacho "The Germans" cha ile tamthilia ya vichekesho vya hotelini, Fawlty Towers. Ilirushwa BBC mara ya kwanza Oktoba 1975. Kosa lake ni Meja Gowen, mzee anayeishi hotelini, ambaye akisimulia habari za kriketi anawataja Wahindi na watu wa West Indies (visiwa vya Karibea) kwa matusi ya rangi. John Cleese, aliyeitunga pamoja na Connie Booth, akaja juu, na haikuchukua muda ikarudishwa ikiwa na onyo. Kabla ya hapo, mwaka 2013, BBC waliirudia huku maneno ya Meja yamekatwa.

Mimi nasema ionyeshwe nzima. Tazameni anayechekwa ni nani. Basil, mwenye hoteli, kagongwa kichwa, katoroka hospitali ili awahudumie wageni Wajerumani. Anawakataza wenzake kutaja vita, halafu oda ya chakula anairudia akichomeka majina ya Goebbels na Goering, vigogo wa Hitler. Mama mmoja anaangua kilio. Basil, badala ya kuomba radhi, anaweka kidole juu ya mdomo kuwa masharubu ya Hitler na kupiga gwaride ukumbini! Mwishowe Mjerumani mmoja anauliza, hivi hawa Waingereza walishindaje vita? Wenye akili timamu mle ndani ni wageni. Na Andrew Sachs, aliyeigiza mhudumu Manuel, alizaliwa Berlin. Familia yake ilikimbilia Uingereza mwaka 1938 kwa kuwa baba yake alikuwa Myahudi.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo umejibu habari ya Wajerumani tu. Wao wamo ukumbini, wanalia, wanauliza, wanapewa neno la mwisho. Mhindi na mtu wa West Indies wanatukanwa hawapo, na Basil hamkanyi Meja hata kidogo. Mtazamaji mweusi aliyekaa sebuleni kwake anasikia tusi, kisha anasikia watu wanacheka. Atajuaje kama wanamcheka mzee au wanalifurahia neno lenyewe? Kusema mtunzi alikuwa na nia njema hakumpunguzii maumivu. Dakika moja ikikatwa, kichekesho kinabaki palepale.

Mleta mada:
Ndugu yangu, hoja yako ni nzito, na hasa kwa sababu hiyo naogopa mkasi. Ukimkata Meja maneno yale, anabaki babu mpole, msahaulifu, anayesubiri magazeti yake. Anapendeza kabisa! Anayesafishwa ni yeye, si aliyetukanwa. Mtoto wa leo atakayetazama toleo la 2013 hatajua kwamba wazee wa namna hiyo walikaa kwenye mahoteli ya Uingereza wakisema hayo kwa sauti ya kawaida, na mwenye hoteli akiitikia.

Ninachokidai ni onyo lenye maana. "Lugha inayoweza kuudhi" haitoshi. Litaje wazi kuna matusi ya rangi na yanawalenga akina nani, mzazi aamue mwenyewe kabla hajawaita watoto. Wenye mawazo tofauti, uwanja ni wenu.