Vijana wangu wanapanda Moshi Desemba hii: nawafundishaje kukataa gari la mtu aliyelewa?

Mama wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Nina watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 17 yuko kidato cha tano, mdogo wake ana 15. Kila Desemba tunapanda Kibosho, Moshi, kwa wazazi wa mume wangu. Mnaotoka huko mnajua Desemba ilivyo: leo ubatizo, kesho kipaimara, keshokutwa harusi, na kila kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, utakachoingia kuna pombe ya mbege na kreti za bia. Magari ya Dar yamepangwa mpaka kwenye migomba. Ikifika saa tano usiku mtu anapiga kelele "twendeni", na watoto wanarundikwa kwenye gari la yeyote aliyeshika funguo.

Mwaka jana kijana wa shemeji yangu, miaka 19, aliwarudisha wenzake nyumbani akiwa amelewa. Wanangu walikuwemo. Walinisimulia baadaye kwamba kwenye kona ya kushukia mtoni tairi moja lilitoka nje ya barabara, wakacheka. Wakacheka, wakuu! Kwa kuwa hakuna aliyeumia, kwenye ukoo limeisha hilo.

Nikiwaambia pombe na gari haviendi pamoja wananijibu "ndiyo mama" huku macho yako kwenye simu. Mkubwa hajafika umri wa leseni, ila huko kijijini wajomba humpa usukani kama zawadi ya kukua. Sitaki kuhubiri. Nataka kitu kitakachomwingia mtoto wa rika hili. Walimu, manesi, madereva, mnafanyaje?

Chuma cha Reli

Rahisi tu. Wawekee picha za ajali, zile zenyewe, wazitazame mpaka washindwe kula. Kijana akiogopa ameelewa.

Ticha wa Bweni

Chuma, hizo picha wanazo kabla yako. Ajali ikitokea Chalinze saa mbili, saa mbili na nusu iko kwenye magrupu yao, na wapo wanaoweka vikatuni vya kucheka chini yake. Nimefundisha sekondari miaka mingi. Hofu ya picha inakaa siku chache, kisha kijana anajiambia yule aliyekufa alikuwa mzembe, mimi ninajua kuendesha.

Mama wa Goba, isome tena habari yako mwenyewe. Wanao hawakuwa wanaendesha. Walikuwa abiria. Semina nyingi za vijana zinamwambia "usinywe ukaendesha", wakati mtoto wa miaka 15 wa Kitanzania hana gari wala funguo. Anachokutana nacho ni mkubwa wake aliyelewa anayemwambia "ingia twende", naye amelelewa tangu utotoni kwamba mkubwa habishiwi. Hapo ndipo pa kumfundishia.

Mimi darasani huwa nawaigizisha. Mmoja anakuwa mjomba aliyechangamka, anamshika mwenzake mkono, "yaani we mtoto unanidharau mimi?" Mwingine lazima atoke humo bila kumvunjia heshima. Mara ya kwanza wote wanakwama, wanabaki kucheka kwa aibu, na wale wanaojiona wajanja ndio wanaoingia "garini" mapema. Baada ya kurudiarudia wanapata maneno yao. "Mjomba, bibi amesema nilale hapa nimsaidie asubuhi." "Shangazi, nasikia kutapika, nitachafua gari." Hiyo ya kutapika haijawahi kushindwa. Hakuna mwenye gari anayeibishia.

Mzee wa Ukweli

Ticha, kwa hiyo unawafundisha watoto uongo? Mtoto amwambie mkubwa ukweli, "mjomba umelewa, siingii." Tusilee wanafiki.

Ticha wa Bweni

Mzee wangu, wewe una miaka hamsini na kitu na sidhani kama umewahi kumwambia shemeji yako hivyo mbele za watu. Mtoto apewe mlango wa kutokea kwanza. Mjomba ataambiwa ukweli kesho, na wazazi, akiwa na kichwa kizima. Hiyo si kazi ya mtoto.

Fundi Bodi

Nina gereji ya kunyoosha bodi, kwa hiyo nawaona waliopita hapo. Juzi limeletwa gari aina ya Noah hapa, kioo cha mbele kimepasuka utando wa buibui, si upande wa dereva, upande wa abiria, usawa wa kichwa. Katikati ya utando zimenasa nywele. Mkanda wa kiti kile haukuwa umekatika wala kuvutika, ulikuwa umechomekwa kwenye kifungo chake na kupitishwa nyuma ya mgongo, ili king'ora kisipige kelele. Dereva alitoka na mchubuko.

Mleteni kijana kwa fundi yeyote mnayemfahamu. Aguse ule mkanda kwa mkono wake, aambiwe nani alikaa wapi. Simaanishi umtishe, Ticha keshasema. Ila gari bovu lina maelezo ambayo picha haina, na kijana wa kiume akielezwa jambo kwa njia ya gari anasikiliza. Hata wangu wa nyumbani, anayejifanya hajali kitu, aliniuliza maswali mpaka nikachoka.

Mtu wa Maabara

Naongeza hesabu, maana vijana wa kidato cha tano wanapenda kukuzidi kwa hoja. Kaa na huyo mkubwa, mpe kalamu afanye yeye.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, karibu gramu 20. Ini la mtu mzima wa kawaida linachoma gramu saba au nane kwa saa, wengine chini ya hapo. Maana yake chupa moja inahitaji kama saa mbili na nusu mpaka tatu kuisha mwilini. Kahawa, supu ya utumbo, kuoga maji ya baridi, kutembea kidogo "pombe ikate", hivyo vyote havilisogezi ini hata dakika moja. Kahawa inampa mlevi macho makavu, basi.

Sasa mpe swali hili. Baba kaanza kunywa saa moja usiku, bia sita mpaka saa saba. Kalala. Saa kumi na moja alfajiri anawasha gari kurudi Dar na familia ili awahi foleni ya Chalinze. Gramu 120, saa kumi zimepita, zimeungua kama 75. Amebaki na gramu 45, yaani zaidi ya bia mbili, na hajala, na usingizi haujamtosha. Yeye mwenyewe atakuapia kwamba ameshaamka mzima. Nakuhakikishia kijana akikokotoa hilo mwenyewe atabaki ameduwaa, kwa sababu hii safari ya alfajiri anaijua.

Na vile vichupa bapa vya pombe kali msivisahau. Mililita 200 za asilimia 35 ni gramu 55 hivi, karibu bia tatu, na kinaingia mfuko wa nyuma wa jinzi. Viroba vya mifuko vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kipimo cha kunywea kwa siri kilibaki palepale. Mbege ndiyo kabisa, haina lebo. Ukali wa kata hii siyo wa kata ile.

Mgosi wa Tanga

Dawa ni moja, kutokunywa. Sisi wengine huku hatugusi.

Chuma cha Reli

Mgosi, na mlevi akikugonga wewe usiyegusa?

Mgosi wa Tanga

Hapo umenipata. Ndiyo maana usiku wa sikukuu sitembei pembeni ya lami.

Mkaazi wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu alkoblo, kile kifaa cha polisi cha kupuliza kupima pombe, ilipoanza kutumika, vijana walichojifunza haraka zaidi ni kuambiana kwa WhatsApp polisi wamesimama wapi leo. Dereva anapita njia ya ndani, anafika, anajipiga kifua kwamba ameponea. Ameponea kituo cha polisi, barabara bado. Kwa hiyo ushauri wangu: usiwafundishe kwa kuanzia na polisi na faini. Kijana akidhani hatari ni askari, atatafuta njia isiyo na askari, na hiyo njia ndiyo mbovu, haina taa.

Nesi wa Dharura

Mkaazi ameongea. Hata kiwango cha kisheria kinawapotosha watu. Kwetu Tanzania ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na wengi wanadhani chini ya hapo uko salama kabisa. Wepesi wa macho na mikono unaanza kushuka mapema kuliko hapo, na kwa kijana mgeni wa usukani mambo huharibika upesi zaidi, kwa sababu hana mazoea ya kumwokoa. Kwa mwendo wa kilomita 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Akichelewa nusu sekunde tu kuona ng'ombe, ameshasogea mita 11 kabla mguu haujagusa breki.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ila usianze na hilo kwa wanao, Mama wa Goba. Takwimu ni zetu sisi watu wazima.

Jambo moja limesahaulika. Mtoto akikataa gari la mjomba, ataondokaje? Atapanda bodaboda, tena mshikaki watatu bila kofia ngumu, na yule wa boda naye katoka kijiweni kapiga maji tangu saa kumi. Umemtoa kwenye moto umemtia kwenye makaa. Lazima mpange usafiri kabla ya sherehe, au mpange mahali pa kulala.

Dada wa Minnesota

Niko Marekani. Hapa kuna wazo moja linalofanana na la Ticha. Mwaka 1981 huko Wayland, Massachusetts, mwalimu mmoja alipoteza wanafunzi wake wawili kwa ajali, ndipo kikaanza chama cha wanafunzi cha kupinga kuendesha umelewa, kinachoitwa SADD. Walikuja na karatasi ambayo mzazi na mtoto wanaisaini wote wawili. Mtoto anaahidi kupiga simu popote alipo, saa yoyote, akiwa amelewa yeye au dereva wake. Mzazi anaahidi kuja au kulipa usafiri, bila maswali wala kelele usiku ule. Maongezi yanasubiri. Na mzazi naye anaahidi kwamba hataingia gari la dereva aliyekunywa.

Sisi tumefanya bila karatasi. Mwanangu akituma ujumbe "bibi amepiga?" ninajua nimfuate. Wenzake wakichungulia simu hawaoni kitu. Kazi ngumu ni yako wewe mzazi, kumchukua saa nane usiku akiwa ananuka bia na kufunga mdomo mpaka asubuhi. Mimi huwa nawasha redio.

Mzee wa Ukweli

Hiyo ya mzazi kusaini naye nimeipenda. Sasa Mama wa Goba utuambie, gari lenu la kupandia Moshi nani anaendesha, na anakunywa?

Mama wa Goba

Mzee, umefika penyewe. Anaendesha baba yao. Mimi leseni ninayo, ila Moshi sijawahi kushika usukani, "watu watasemaje". Na yeye ni wa "mbili hazinifanyi kitu". Nimemsomea ile hesabu ya Mtu wa Maabara wakati wa chakula. Mkubwa akaichukua, akaweka bia nne badala ya sita, akamsomea baba yake jibu. Baba akasema ini lake si la kitabuni. Tukaishia hapo, lakini baadaye nilimsikia akimuuliza mtoto, "na zikiwa tatu?"

La kutapika tumeshalifanyia mazoezi sebuleni, mdogo ni msanii kweli. Ujumbe wa siri wameuchagua wenyewe, siuandiki hapa. Kurudi Dar nimesema tutaondoka baada ya chakula cha mchana na nitaendesha mimi mpaka Korogwe. Hilo bado ni mjadala. Kilichobaki ni usafiri wa usiku huko Kibosho. Nani ana dereva wa kuaminika?

Mangi wa Uru

Shemeji, njoo inbox. Nina kijana wa bajaji, mlokole, pombe haijui hata harufu. Mlipe nusu mapema akutunzie nafasi maana Desemba anagombewa. Ila tarehe 25 asubuhi usimtafute, anapiga kinanda kanisani mpaka saa saba.