Familia ikiwa karantini: dalili zipi kwa watoto na wazazi ni za kawaida, zipi za kutafutiwa msaada?

Mlezi wa Vijana ameuliza:

Habari zenu wadau. Naandaa maelekezo ya ukurasa mmoja kwa familia zinazowekwa karantini nyumbani wakati wa mlipuko. Tangu 2020 tumepata maandishi tele kuhusu barakoa na kunawa mikono, lakini kuhusu hali ya moyo ya watu waliofungiwa ndani, mengi yanaishia kwenye "kuweni watulivu", na mzazi hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Nahitaji kujua: mtoto wa miaka 4, wa 9 na wa 14 wanaonyeshaje kuwa wameelemewa? Mzazi ashike nini kwanza? Na ni wakati gani hatusubiri tena? Nawaomba muwe mahsusi.

Mshauri wa Zamu amejibu:

Kama ukurasa ni mmoja tu, nusu ya juu mpe mzazi. Mapitio ya tafiti 24 yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2020 yanataja utafiti uliolinganisha familia zilizowekwa karantini na zile zisizowekwa. Alama za kiwewe kwa watoto wa karantini zilikuwa mara nne ya wenzao. Wazazi wenye dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa wagonjwa wa kiwewe walikuwa asilimia 28, dhidi ya asilimia 6 kwa wazazi wengine. Mtoto humsoma mzazi wake usoni na katika sauti kabla hajaelewa habari yenyewe, kwa hiyo huwezi kumtuliza mtoto ukamwacha mama au baba anatetemeka.

Mapitio hayohayo yanaonyesha kinachoumiza: muda mrefu, hasa ukipita siku 10, hofu ya kuambukizwa, uchovu wa kukaa bure, upungufu wa mahitaji, taarifa zisizoeleweka, kupoteza kipato na unyanyapaa. Tazama ni mangapi kati ya hayo hayatibiwi kwa maneno matamu. Mzazi asiyejua kesho watakula nini, msaidie chakula kwanza, mazoezi ya kupumua baadaye.

Kosa linalojirudia ni kumtajia mtoto tarehe ya kutoka kana kwamba imefungwa. Mtu mwingine wa nyumba akianza homa, siku zinaweza kuhesabiwa upya, na mtoto anaona amedanganywa. Aambiwe hivi: "Tunatarajia kutoka siku fulani, iwapo hakuna mwingine atakayeugua. Ikibadilika, nitakuambia siku hiyohiyo." Na hiyo ahadi ya mwisho itimizwe.

Habari za ugonjwa mzazi azifuatilie mara mbili kwa siku, kutoka chanzo kimoja rasmi, na isiwe karibu na saa ya kulala. Wakiwa wazazi wawili, wapeane zamu: nusu saa kila mmoja bila mtoto wala kazi, hata kama ni kukaa tu chumbani mlango umefungwa. Akiwa peke yake, zamu hiyo aipate watoto wakilala, na awe na mtu mmoja wa kumpigia simu kila siku saa ileile.

Muuguzi wa Watoto amejibu:

Naongezea kwa umri.

Wa miaka 4 hurudi nyuma. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, ananyonya kidole, anadeka, hataki mzazi atoke hata kwenda msalani. Hiyo si jeuri, asiadhibiwe wala kuaibishwa mbele ya nduguze. Badilisha shuka kimya kimya, mrudishie utaratibu wa usiku, subiri wiki chache. Tahadhari moja: mkojo mwingi ukiambatana na kiu isiyoisha na kukonda, usiseme ni msongo. Apimwe sukari siku hiyohiyo.

Wa miaka 9 hulalamika tumbo na kichwa, hasa asubuhi, na huuliza swali lilelile mara nyingi. Usikimbilie kumjibu. Muulize kwanza, "Wewe umesikia nini?" Mara nyingi utakuta anaamini yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Sahihisha hilo moja kwa sentensi fupi, kisha mpe kazi halisi ya kufanya.

Wa miaka 14 hujifungia, analala mchana na kukesha na simu. Hapo wazazi wengi hunyang'anya simu, na kwa maoni yangu wanaharibu zaidi, maana ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuwafikia marafiki. Saa ya kuamka ndiyo ya kushikilia. Ukiirudisha hiyo, usingizi wa usiku hufuata baada ya siku kadhaa. Simu ilale nje ya chumba, pamoja na ya mzazi.

Kwa umri wote: dakika 10 hadi 15 kila siku za mtoto mmoja na mzazi mmoja, mtoto akichagua mchezo, mzazi bila kufundisha wala kukosoa. Kupumua kwa kuhesabu (kuvuta 4, kutoa 6, kwa dakika mbili) kunafaa, ila kufundishwe mtoto akiwa ametulia. Wanaosema "haikusaidia" mara nyingi walianza kufundisha katikati ya kilio.

Mlezi wa Vijana:

Asanteni sana. Na ikiwa mgonjwa ni mzazi mwenyewe, yuko chumba cha peke yake?

Mshauri wa Zamu:

Mtoto asikie sauti yake kila siku, saa zilezile, kupitia mlangoni au kwa simu. Asiahidi "kesho nitapona". Aseme nani anampikia mtoto, nani yuko naye usiku, na lini wataongea tena. Mtoto mdogo hujali hayo kuliko jina la ugonjwa.

Kuhusu lini tusisubiri: huzuni, kukosa usingizi au kususa chakula vikidumu wiki mbili mfululizo, ashauriane na mtaalamu kwa simu hata kama karantini haijaisha. Mzazi anayehisi mkono unamwinukia mtoto amweke mtoto mahali salama, atoke chumbani, apige simu wakati huohuo.

Mtoto au mtu mzima akigusia kutaka kufa, aulizwe waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa, sumu na vitu vyenye makali viondolewe, na huduma ya dharura iitwe.

Muuguzi wa Watoto:

Acha nafasi ya mistari miwili kuhusu siku za baada ya kutoka. Mwalimu apigiwe simu kabla mtoto hajarudi darasani, aelezwe kuwa muda umekamilika na hana hatari kwa wenzake. Mtoto naye apewe jibu fupi la kukariri kwa watakaomuuliza: "Nilikaa nyumbani kama tulivyoagizwa, sasa nimeruhusiwa." Akigoma kwenda shule, aanze kwa nusu siku na aongezewe saa. Akiachwa nyumbani mpaka hofu iishe yenyewe, kurudi kunazidi kuwa kugumu kila wiki inayopita.