Tupeane uzoefu: Ulijengaje kompyuta ya gemu kwa hela ndogo, na kifaa gani kilikuponza?

Jogoo wa Temeke

Wakuu salaam.

Kila siku kuna kijana anauliza: "Nina laki sita, nipate mashine ya kuchezea GTA V na mpira." Majibu yanayomiminika ni majina ya kadi za grafiki tu, zile zinazochora picha za gemu. Chukua 1650, chukua RX 580. Hakuna anayemuuliza dogo wa watu hiyo kadi ataichomeka kwenye nini. Mimi niliumia hapo hapo, basi naanza na aibu yangu, na nyie mlete zenu.

Mwaka 2021 nilishuka Kariakoo na 650,000 mfukoni. Nikachukua HP EliteDesk 800 G1, ile nyembamba wanayoiita SFF, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8, kwa 320,000. Mtumba msafi, hata mkwaruzo hauna. Hela iliyobaki nikaingia nayo mtaa wa pili nikabeba GTX 1050 Ti ya GB 4, yenye feni mbili. Kuhusu ile kadi nilijua jambo moja, na lilikuwa kweli: inakula wati 75, zote inazivuta kwenye sloti, haidai waya wa pembeni. Nikajiona msomi.

Nafika nyumbani, nafungua kasha, kadi ni ndefu kuliko kasha lilivyo nene. Kumbe SFF zinataka kadi za kimo cha nusu, na mimi nimebeba ya kimo kamili. Kurudi dukani, naambiwa mzigo ukishatoka umetoka. Fundi wa mtaani akashauri tukate bati kwa msumeno. Nikakataa. Nikafungua kile kibati cha nyuma ya kadi, nikaichomeka hivyo hivyo, kifuniko kikaenda kulala uvunguni. Miezi saba nimecheza mashine ikiwa utumbo nje, na vumbi la kwetu mnalijua. Siku moja feni ya kadi ikagoma kuzunguka. Kuchungulia, mjusi kajilaza humo anaota joto.

Haya, wewe kilikuponza nini? Ukikumbuka bei, itaje.

Mtu wa Luthuli

Mjusi tena! Mimi yangu ni ya Nairobi na haina mnyama.

2022 niliamua sinunui mtumba, najenga kitu kipya kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi kifaa kimoja. Nikaanza na prosesa, i3-10100F. Nyuzi nane, yaani inashika kazi nane kwa mpigo, bei poa, na muuzaji akaniambia hii yenye F ni rahisi kuliko ile isiyo na F. Nani anakataa kitu rahisi, bana? Mwezi wa pili mazabodi, ule ubao mkuu wa kuchomekea vifaa, wa tatu RAM na SSD ya kuhifadhia, wa nne kasha na pawa saplai, ile inayogawa umeme. Kadi ya grafiki nikasema nitanunua Desemba, kwa sasa nitumie ile ya ndani ya prosesa.

Nawasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza. Nikabadilisha kebo, wapi. Nikabeba kwa fundi Moi Avenue, akatoa RAM akarudisha, akapiga brashi, akanichaji 1,000, skrini bado giza. Aliyenitoa gizani ni mtoto wa jirani aliyesoma boksi la prosesa na kuniambia, "Uncle, hii F maana yake haina grafiki ndani."

Nikakimbia kununua GT 710 kwa 4,000 ili nione tu Windows inafunguka. Ile kadi hata GTA V haiwezi kuibeba vizuri, na Desemba hela ya kadi ya maana haikuwepo tena. Nilikaa na 710 mpaka Mei. Ukiona F kwenye Intel, hesabu bei ya kadi hapo hapo, si Desemba.

Shemeji Mpole

Mimi nilimtumia shemeji laki mbili nikamwambia, "Nichukulie CPU ya i7-4770." Kwetu CPU ni lile boksi zima. Akaja na kachipu kamefungwa kwenye nailoni ya karanga. Na hakukosea, maskini, CPU halisi ni hiyo chipu ya prosesa.

Fundi Mwaloni

Niko Mwanza, hizi mashine za ofisi nazifungua kila wiki, naomba nikae hapa kidogo.

Mkuu Jogoo, kosa lako halikuwa kununua mashine ya ofisi. Kwa hela ndogo hiyo ndiyo njia. Ulikosea umbo. Ukiwa na mpango wa kadi, tafuta ile ya wima, mnara, wanaandika MT. Bei yake hupishana kidogo na SFF, lakini inameza kadi ya kimo kamili. SFF chukua tu kama umeshaona kwa macho yako kadi ya kimo cha nusu, na hizo huwa ghali kwa sababu kila aliyekosea kama wewe anazitafuta.

Halafu kuna pawa saplai, na hapa ndipo wengi wanalia. Dell OptiPlex 7010 MT ina wati 275, 9020 MT ina 290. Kwa kadi ya wati 75 kama 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na tundu la waya, mnatoboa bila shida. RX 580 inakula 185 peke yake, na inadai waya wa pini 8 ambao humo haumo. Mteja wangu mmoja aliunganisha adapta mbili za diski ngumu ili apate huo waya. Alicheza dakika ishirini, kisha pakanuka.

Wengine wanasema, basi nabadilisha pawa saplai. Sawa, ila angalia mashine gani. 7010 ya mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, unatoa ya zamani unaweka mpya. 9020 ina plagi yake yenyewe ya pini 8, na HP 800 G1 ina ya pini 6. Hizo zinataka waya wa adapta. Waya wenyewe si ghali. Shida ni kuupata siku hiyo hiyo. Nimeona watu wamekaa wiki tatu na pawa saplai mpya kwenye boksi wakisubiri waya wa shilingi elfu ishirini.

RX 580 zenyewe sizipondi, nimefunga nyingi. Ila jueni zinatoka wapi. Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, iliacha kuchimbwa kwa kadi, na zilizokuwa zinakesha kwenye mashamba ya uchimbaji zikamwagwa sokoni. Nyingine zimebadilishwa BIOS, ile programu ndogo ya ndani inayokiamsha kifaa, nyingine pesti ya joto imekauka imekuwa chaki. Na kuna zilizoandikwa RX 580 2048SP, hizo kiini chake ni kama cha RX 570. Si mbaya, mradi ulipe bei ya 570.

Kajanja

Fundi umenikumbusha kidonda. Nilinunua "1050 Ti GB 4" kwa 130,000 kutoka kwa mtu wa mtandaoni, tukakutana kituo cha daladala. Kadi inang'aa, boksi jipya. Nikaweka, kompyuta inasoma 1050 Ti kabisa. Nafungua gemu, fremu 15 kwa sekunde, mashine inakwamakwama kama gari ya mkaa. Rafiki akaniambia shusha programu ya GPU-Z, inayosoma kadi ni ya aina gani. Ikaandika FAKE kabla hata ya jina. Ndani kulikuwa na GTS 450, kitu cha mwaka 2010, wamebadilisha maandishi ya BIOS tu.

Kitu ambacho ningekiona pale pale kituoni: ilikuwa na tundu la VGA, lile la kebo za skrini za zamani. 1050 Ti halisi haitoi VGA. Ukiliona, mwachie mwenyewe uondoke zako.

Binti Chake

Kaka zangu, mie nawasikiliza mnavyohangaika na makadi. Mie sina kadi.

Nilinunua Ryzen 5 5600G, ile yenye grafiki yake ndani, mwaka 2023, na mazabodi ya B450. Kwanza mazabodi ilikaa kimya, kwa sababu BIOS yake ilikuwa ya zamani, haiijui prosesa ya mfululizo wa 5000. Dukani walinisasishia bure, nashukuru. Kama mnanunua B450 ya mtumba, ulizeni hilo kabla hamjapanda boti.

La pili ni la ujinga wangu. Nilichukua RAM kijiti kimoja cha GB 16, nikasema nafasi nyingine nitajaza baadaye. GTA V ikawa inakwenda fremu 35, 40. Nikaamini ndio uwezo wake. Baada ya miezi mitano nikabadilishana na binamu yangu, nikampa kijiti changu akanipa viwili vya GB 8. RAM ile ile GB 16, hakuna kilichoongezeka, gemu ikapanda mpaka sitini na kitu. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM, na vijiti viwili ni njia mbili. Miezi mitano nimecheza kwa mguu mmoja!

Na wa pwani wenzangu: chumvi ya hewa. Mashine ikikataa kuwaka baada ya masika, toeni RAM msugue zile dhahabu za chini kwa kifutio cha penseli kabla hamjamlipa mtu.

Mzee Kifimbo

Mdogo wangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea pawa saplai, wati 500, ya kampuni nzuri, zawadi. Nyuma ina swichi ndogo nyekundu. Sikuigusa, nikijua aliyeitengeneza ana akili kuniliko. Ilikuwa imewekwa 115. Umeme wetu ni 230. Mlio wake majirani walitoka nje.

Bahati mazabodi ilipona. Mdogo wangu sijamwambia mpaka leo.

Mswahili wa Deira

Walio Dubai au wenye ndugu huku: vifaa vingi utavikuta Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed. Bei ni nzuri, ila garantii haipandi ndege na wewe. Fanya wakuwashie mbele yako, kaa nayo nusu saa gemu ikicheza, ndio uifunge kwenye begi.

Mtu wa Luthuli

Swali kwa Fundi. Hizi 7010 na 9020 bado zinafaa? Windows 10 imeachwa tangu 14 Oktoba 2025.

Fundi Mwaloni

Kwa GTA V na gemu za mpira za zamani, zinafaa. Kwa anayetaka Valorant, ile gemu ya risasi ya mtandaoni, angalia mbele. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, kinga ya usalama ya ndani ya mashine, na Valorant kwenye Windows 11 inazidai TPM hiyo na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha. Ukilazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha nne itaingia, ila gemu hiyo itakufungia mlango. Na usikimbilie Linux kwa ajili yake, huko haichezi kabisa. Ningekuwa na hela kidogo zaidi leo ningetafuta OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, yenye i5-8500, ya kizazi cha 8. Ya mnara, Jogoo!

Dogo wa Mwaka wa Pili

Shikamooni wakubwa. Nimesoma yote nimeogopa. Jana nimenunua kasha jipya lenye taa za rangi, lina pawa saplai yake humo humo ya wati 500, kwa 95,000. Nataka kuweka RX 580. Itabeba?

Fundi Mwaloni

Marahaba. Geuza upande wenye stika, unisomee mstari wa +12V.

Dogo wa Mwaka wa Pili

Juu imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Chini kwenye jedwali, +12V 16A.

Jogoo wa Temeke

Duh.

Fundi Mwaloni

Kadi na prosesa zote zinakula kwenye huo mstari wa 12. Zidisha 12 kwa 16, unapata 192. Kadi peke yake 185. Zinabaki wati 7 za prosesa, feni, na hizo taa zako. Usiichomeke hata kwa kujaribu. Kasha baki nalo, pawa saplai rudisha kesho asubuhi na mapema, ongeza hela uchukue yenye alama ya 80 PLUS, ya kutopoteza umeme ovyo, na 12V isiyopungua 30A. Stika usiibandue.

Dogo wa Mwaka wa Pili

Kesho Jumapili, mkuu. Na stika nilishaibandua, ilikuwa inaziba taa.